Kwa mwalimu aliyekimbia vita, sendika isiwe ya mgomo tu

Wiki chache zilizopita mama mmoja mwalimu alinitembelea hapa Butembo, katika komine ya Bulengera, akiwa na sashe nyeusi mkononi. Alitoa vitu kimoja kimoja akaviweka juu ya meza: diploma yake, barua ya kumtuma kazini, karatasi yenye namba yake ya matrikuli, na daftari la maandalio ya masomo lenye kuingia maji. "Ndugu mwandishi," akaniambia, "siku tulipokimbia nilibeba watoto na hii sashe. Sufuria zote zilibaki."

Mama huyo alitoka Kanyabayonga, kusini ya wilaya ya Lubero. Mutakumbuka mwezi wa sita mwaka 2024, vita ilipofika kule na watu wakajaa barabarani kuelekea Kayna, Kirumba, Lubero na mpaka huku kwetu. Yeye alifuata watu hao. Alilala kwanza ndani ya darasa la shule moja, kisha familia moja ya kanisa lao ikamfungulia chumba.

Nyuma ya miezi michache akapata habari kwa simu. Shule yake ilikuwa imeanza kazi tena, lakini mahali pengine, ndani ya majengo ya shule nyingine: watoto wenyeji wanasoma asubuhi, wale waliokimbia wanasoma nyuma ya saa sita. Shule za namna hiyo tunazijua vizuri hapa kwetu, ni zile tunaita shule zilizohamishwa. Walimu walipohesabiwa, yeye hakuwepo. Hakuna aliyejua kama yuko hai, kama yuko Butembo, Beni ao Uganda. Darasa lake likapewa mtu mwingine, na ndani ya ripoti pakaandikwa maneno mawili pembeni ya jina lake: "ametoroka kazi".

Maneno hayo si madogo. Mtumishi wa serikali mwenye kuhesabiwa kwamba ametoroka kazi anaweza kuondolewa kwenye listi ya mishahara. Akiondolewa, anapoteza mshahara wa mwezi, na miaka yote aliyofundisha inakuwa kama haikuwepo.

Alienda ofisini mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa arudi siku nyingine. Mara ya tatu alienda na delege wa sendika ya walimu. Delege huyo si mtu mkubwa. Naye anashika chaki, naye anangoja mshahara kama wengine, na siku ile alikuja kwa pikipiki ya kukopa. Lakini aliingia ofisini akauliza: "Munaandikaje kwamba mama huyu ametoroka kazi, na kijiji kizima kilikimbia pamoja na shule yenyewe?" Kisha akaandika barua, akaiacha kopi ofisini, akaomba kopi yake ipigwe muhuri. Leo ndani ya ripoti panaandikwa "amekimbia vita". Mama yule amerudi darasani. Miezi ambayo hakulipwa bado anaifuata, na delege bado anaenda naye.

Ninaanza na habari hii kwa sababu kila ninapotaja sendika ya walimu mbele ya watu hapa mtaani, wazazi ao walimu wenyewe, ninasikia jibu moja: "Wale ni watu wa mgomo." Mimi mwenyewe nilifundisha miaka minne mbele ya kushika mikro, na wakati ule nilifikiri vilevile. Sikuwahi kulipa hata franga moja ya mchango. Leo ninaona nilikosea. Na ninaona pia kwamba sendika zenyewe zilinipa sababu ya kukosea.

Mwalimu wetu ana wakubwa watatu

Ili kuelewa kwa nini mwalimu wa Kongo anahitaji chama chake, lazima kwanza tuangalie namna anavyofanya kazi. Mwalimu wa nchi nyingine ana mkubwa mmoja. Wa kwetu ana watatu.

Mkubwa wa kwanza ni serikali, ambayo inalipa mshahara, ao inapaswa kuulipa. Wa pili ni kanisa ao dini yenye kusimamia shule. Tangu mkataba wa tarehe 26 mwezi wa pili mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa, shule nyingi za serikali zinasimamiwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, na nyuma yao dini nyingine. Huyo ndiye anamtuma mwalimu, anamhamisha, na anaweza kumsimamisha. Mkubwa wa tatu ni mzazi. Kwa miaka karibu 30, ni mzazi aliyemlisha mwalimu.

Wale wenye umri wanakumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Mobutu, serikali iliacha kulipa walimu vizuri, shule zikafungwa, na wazazi pamoja na maaskofu wakapatana kwamba mzazi atoe kitu kidogo ili mtoto asome. Ndipo "prime" ilizaliwa. Ilikuwa msaada wa muda, lakini ikakaa mpaka mwaka 2019. Mwaka huo, mwezi wa tisa, masomo ya shule ya msingi yakatangazwa kuwa ya bure, kama Katiba ya 2006 inavyosema kwenye kifungu cha 43.

Wazazi tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Mzazi aliyekimbia Oicha ao Eringeti bila kitu mfukoni, angelipa namna gani prime ya watoto watano? Lakini kwa mwalimu asiye kwenye listi ya mishahara, siku ile mkubwa wake wa tatu aliondoka, na yule wa kwanza hakuwa bado amefika.

Kati ya hao wote watatu, hakuna aliye wa mwalimu mwenyewe. Serikali ina bajeti yake, kanisa lina mipango yake, mzazi ana mtoto wake. Mwalimu akionewa na mmoja, anakimbilia kwa mwingine, na yule anamrudisha kule alikotoka. Chama chake ndicho nyumba moja ambayo mwalimu anaweza kusema ni yangu. Na si zawadi ya mtu: Katiba yetu, kifungu cha 38, inatambua uhuru wa sendika, na kifungu cha 39 kinatambua haki ya mgomo. Tangu mwaka 1966 UNESCO na shirika la kazi la dunia walipatana juu ya andiko lenye kusema kwamba vyama vya walimu vinapaswa kusikilizwa wakati wa kupanga mambo ya elimu. Ni kwa sababu ya andiko hilo tarehe 5 mwezi wa kumi ilifanywa siku ya walimu duniani. Sisi hapa Kongo tuna siku yetu pia, tarehe 30 mwezi wa nne.

Sendika imetuletea nini mpaka leo?

Tusiwe wenye kusahau. Mwezi wa pili mwaka 2004, sendika za watumishi wa serikali zilikaa na serikali huko Mbudi, karibu na Kinshasa, wakapatana juu ya ngazi ya mishahara: dola 208 kwa mtumishi wa chini kabisa, dola 2,080 kwa katibu mkuu. Miaka ilipita, mapatano yakabaki kwenye karatasi. Lakini mpaka leo mwalimu akitaka kuonyesha kwamba ameahidiwa, anataja Mbudi. Mwaka 2021 walimu waligoma mwanzo wa mwaka wa masomo, na sendika zikakaa tena na serikali, safari hii huko Bibwa. Mwaka 2024 tukaanza tena mwaka wa masomo na mgomo hapa kwetu Kivu na katika majimbo mengine, na dola 500 kwa mwezi likawa neno la kila mwalimu.

Mbudi, Bibwa, kisha mgomo mwingine. Mwalimu wa kijiji akiangalia safari hiyo anasema: kila mara wakubwa wa sendika wanaenda Kinshasa, wanaweka sahihi, wanarudi na ahadi. Sisi tunaendelea kununua unga kwa deni. Siwezi kumwambia anadanganya.

Lakini swali langu ni lingine. Hata kama Kinshasa wangelipa kesho dola 500, je, mama yule wa Kanyabayonga angezipata? Hapana, kwa sababu jina lake lilikuwa linaondoka kwenye listi. Mapatano makubwa yanafaa mtu ambaye jina lake lipo. Katika jimbo lenye vita, kazi ya kwanza ya sendika ni kulinda majina.

Mambo matano ambayo mwanachama anapaswa kuyapata

La kwanza ni mtu wa kusimama naye. Mwalimu peke yake ofisini ni mwombaji. Akiwa na delege, ofisi inajua kwamba neno litatoka nje na litaandikwa. Nimeona hata wakuu wazuri, wenye roho ya kusaidia, wakifurahi delege anapofika, kwa sababu wao wenyewe wanahitaji barua ili wachukue uamuzi bila kuogopa wakubwa wao.

La pili ni habari za kweli. Kila mara mambo ya mishahara yanapobadilika, uongo unatangulia. Ile ofisi ya zamani ya SECOPE ilipoacha nafasi kwa DINACOPE, walimu wengi walisikia kwamba lazima walipe ili jina lisipotee. Wapo watu wenye kuzunguka na listi mkononi, wanamwambia mwalimu asiyelipwa: leta dola hizi na hizi, mwezi ujao utapata matrikuli. Mwalimu anauza mbuzi, ao anakopa ndani ya likelemba, kisha yule mtu anafunga simu. Sendika yenye kufanya kazi yake ingetangaza kila mwezi, kwa redio na kwa simu, listi gani imetoka, nani yuko, nani hayuko, na kwamba matrikuli hainunuliwi. Tangazo la dakika mbili lingeokoa mbuzi wengi.

La tatu ni kusaidiana. Tunajua likelemba, na akina mama wetu wanazo hata ndani ya kambi. Mwalimu akifiwa, akiugua, akikimbia na watoto bila blanketi, wenzake wakitoa kidogo kila mwezi, siku ya kwanza ya taabu haitamkuta mikono mitupu. Kuna pia mfuko wa afya ya walimu wenye kujulikana kwa jina la MESP. Ni kazi ya sendika kuuliza kila siku: mwalimu wa Lubero ao wa Mambasa anatibiwa wapi na mfuko huo? Hospitali gani iliyo karibu naye inampokea? Kama hakuna, iombwe iwepo.

La nne ni elimu ya kazi yenyewe. Watu wengi wanasahau hilo. Mwalimu wa leo Butembo ao Beni anaingia ndani ya darasa lenye watoto wenyeji na watoto waliokimbia, wengine waliona mauaji kwa macho yao, wengine hawajashika kalamu mwaka mzima. Nani alimfundisha namna ya kumpokea mtoto anayeruka chini ya meza akisikia mlango ukigonga? Mashirika yanakuja na mafunzo ya siku tatu, kisha yanaondoka. Chama cha walimu kinabaki. Kinaweza kukutanisha walimu wa mtaa mmoja Jumamosi moja kwa mwezi, yule aliyepata mafunzo awafundishe wengine. Hilo halihitaji dola. Linahitaji darasa moja na watu wenye nia.

La tano ni sauti. Nafasi ya kuambia serikali, kanisa na mashirika ya misaada jambo ambalo mwalimu peke yake hawezi kulisema. Mfano: misaada inapogawanywa kwa watu waliokimbia, mwalimu anaachwa mara nyingi kwa sababu watu wanafikiri ana mshahara. Mwalimu huyo analala chini kama wengine, na mshahara wenyewe hajauona. Jirani yake ndani ya kambi hawezi kumsemea, maana naye ana njaa. Chama ndicho kinaweza kusema.

Wale wasio na namba

Ninataka kukaa kidogo juu ya wale tunaita NU, ni kusema walimu wapya wenye kufundisha bila kuwa kwenye listi ya mishahara, wakingoja miaka. Mbele ya mwaka 2019, prime ya wazazi iliwagusa nao. Nyuma ya hapo, kwa shule ya msingi, mlango huo ukafungwa. Wengine wameendelea kuingia darasani kila asubuhi, kwa imani tu kwamba siku moja jina litatoka. Nikiwa mwalimu nilikuwa mmoja wao, na kusema kweli ndiyo sababu niliacha.

Vita inapofika, NU ndiye wa kwanza kusahauliwa. Yule mwenye matrikuli ana karatasi ya kuonyesha. NU ana nini? Ana neno la direkta wake. Na kama direkta amekimbilia Uganda, hana hata neno hilo. Nimekutana na kijana mmoja hapa, alifundisha miaka sita huko nyuma, na leo hakuna karatasi hata moja yenye kuonyesha kwamba aliwahi kusimama mbele ya ubao. Anabeba mizigo sokoni. Si aibu kubeba mizigo. Lakini miaka sita ile ilienda wapi?

Hapa ninalaumu sendika wazi. Nyingi zinahesabu wanachama kwa makato ya mshahara. Asiye na mshahara hana makato, na asiye na makato hahesabiwi. Ni kusema mwenye kuumia zaidi ndiye hana nafasi. Sendika yenye akili ingemwandika NU kwa mchango mdogo kabisa, hata kwa mchango wa kazi za mikono, na ingempa kadi. Siku ya kukimbia, kadi hiyo ingekuwa ushahidi wake.

Nasikia wazazi: na mgomo?

Najua kuna wazazi wananisoma ao kunisikiliza na wamekasirika. Wanasema: watoto wetu wamepoteza miezi kwa risasi, kisha mwalimu anawapotezea miezi mingine kwa mgomo. Mzazi aliyekimbia hawezi kumpeleka mtoto kwenye shule ya binafsi. Mgomo ukianza, mtoto wa tajiri anaendelea kusoma, wa kambini anaenda kuuza maandazi ao kuchota maji ya watu. Tena kwa msichana, mwezi mmoja bila shule unaweza kuwa mwisho wa masomo.

Maneno hayo ni ya kweli, na sitayajibu kwa kusema tu kwamba mgomo ni haki. Ni haki, Katiba inasema. Tena kwa miaka mingi serikali yetu imefundisha walimu kwamba bila mgomo hakuna mwenye kuwasikiliza. Lakini mwalimu na mzazi aliyekimbia ni watu wa mtumbwi mmoja. Mmoja akitoboa upande wake, wote wanaingia majini.

Kila shule ina komite yake ya wazazi, ile COPA. Mbele ya kutangaza mgomo, sendika ikae na COPA za eneo, iwaonyeshe karatasi: tuliahidiwa hiki, tulipewa hiki, tuliandika barua tarehe hii, hatukujibiwa. Wazazi nao waseme: shule zilizohamishwa ziachwe, ao madarasa ya mwisho yaendelee, ao tuandike barua pamoja kwanza. Dai lililowekwa sahihi na walimu na wazazi lina uzito kupita dai la walimu peke yao. Katika jimbo hili lenye kuongozwa chini ya sheria za vita tangu mwezi wa tano mwaka 2021, ambamo kuandamana si rahisi, barua ya pamoja ni silaha nzuri kupita kelele.

Vyama vingi, vitabu vya hesabu vichache

Lazima tuseme na jambo lingine. Sendika za walimu ni nyingi mno. Kuna SYECO, kuna SYNECAT ya walimu wa shule za Kikatoliki, kuna nyingine nyingi ambazo mwalimu wa kawaida hajui hata kirefu chake. Moja ikitangaza mgomo, nyingine inatangaza kuingia darasani. Mwalimu anasimama mlangoni hajui aingie ao arudi nyumbani. Serikali haihitaji hata kuwagawanya.

Uhuru wa kuchagua chama ni mzuri. Lakini hapa kwetu, kwa jambo moja tu, wangeweza kufanya kazi pamoja bila kupoteza majina yao: daftari la walimu waliokimbia. Kila delege wa kila sendika, pale alipo, aandike jina, shule alikotoka, matrikuli kama ipo, tarehe ya kukimbia, mahali alipo leo. Kisha mara moja kwa mwezi walete madaftari pamoja na kuyapeleka kwenye ofisi za elimu. Shule iliyohamishwa inapotafuta walimu wake, jibu liwe tayari.

Na mchango uonekane. Mwalimu ni mtu wa kuhesabu; anafundisha watoto kujumlisha na kutoa. Hawezi kukubali akatwe bila kuona hesabu. Kila sendika ibandike ukutani, kila miezi mitatu: kiasi kilichoingia, kilichotoka, na kilichofanyiwa kazi gani. Kama pesa zote zilitumika kwa safari za wakubwa, tutaona. Kama ziliandika barua za kutetea watu, tutaona pia, na wengi watalipa bila kulazimishwa.

Neno la mwisho kwa mwalimu mwenyewe

Papa mwalimu, mama mwalimu, usingoje sendika ibadilike ndipo uanze. Kuna mambo unaweza kufanya wiki hii. Piga picha ya diploma, ya barua ya kukutuma kazini na ya karatasi ya matrikuli, uzitume kwa ndugu anayekaa mbali, ili simu ikiibwa zisipotee zote. Kama umekimbia, usikae kimya kwa aibu: nenda kwenye ofisi ya elimu iliyo karibu, hata kama si ya eneo lako, ujiandikishe, uombe karatasi yenye muhuri ya kuonyesha kwamba ulifika na tarehe uliyofika. Mtafute delege wa sendika yako, ao wa sendika yoyote, umwambie uko wapi. Usimpe mtu pesa kwa ajili ya matrikuli. Na ukilipa mchango, omba risiti, uende kwenye mkutano, uulize maswali. Chama ambacho wanachama wake hawaulizi kinakuwa mali ya watu watatu.

Na wewe mzazi unayekaa kwa familia ya watu ao ndani ya kambi, jambo hili ni lako pia. Mwalimu ambaye jina lake limelindwa ni mwalimu atakayekuwa darasani Jumatatu asubuhi. Yule aliyeachwa peke yake utamkuta sokoni akibeba mizigo, na mtoto wako atabaki bila wa kumfundisha.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee wetu wanasema. Mama yule wa Kanyabayonga aliingia ofisini mara mbili peke yake, hakupata kitu. Alipoingia na mwenzake mmoja mwenye kalamu, yale maneno mawili yakafutwa. Mwezi huu amelipa mchango wake wa kwanza, franga chache alizotoa kwa kuuza maharage. Alinionyesha risiti. Aliiweka ndani ya ile sashe nyeusi, pamoja na diploma.